Ukawashurutishe kuingia ndani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae kwenye Luka 14:15–24, mfano wa karamu kuu, na hasa agizo la mwenye karamu kwa mtumwa wake: "Toka nje uende barabarani na mipakani, ukawashurutishe kuingia ndani."

Mstari huu umewahi kuumiza watu. Agustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, mwanzoni hakutaka Wadonato, Wakristo wa huko waliojitenga na kanisa, warudishwe kwa nguvu. Alipoona amri za Kaisari Honorius za mwaka 405 zinawarudisha wengi, akageuka, na katika barua zake akautumia mstari huu kutetea faini na adhabu. Nampenda Agustino kwa aliyoandika juu ya neema, lakini hapa naamini alikosea.

Hebu tuusome mfano wenyewe. Waliotangulia kualikwa walitoa udhuru: mmoja kanunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, wa tatu kaoa. Je, walifuatwa wakaburutwa? Hapana. Mwenye karamu alikasirika, akawaacha. Wanaoshurutishwa ni wa barabarani, ambao mwaliko wa nyumba kubwa kama ile haukuwahi kuwafikia. Na anayewaendea ni mtumwa, si askari. Mtu wa barabarani ukimwambia karibu, atajitazama nguo zake aseme labda umemfananisha. Ndiyo maana inabidi ang'ang'aniwe.

Lidia naye kule Filipi aliwasihi akina Paulo waingie nyumbani mwake, na Luka anaongeza: "Akatushurutisha" (Matendo 16:15). Aliyewahi kushikwa mkono mlangoni na mama mwenye nyumba, "hutoki hapa hujala," anaijua shuruti hiyo.

Sasa tujitazame. Mzazi anamwambia kijana wake, usipobatizwa ada silipi. Kwingine, majina ya wasiomaliza ahadi zao yanasomwa mbele ya usharika mzima. Jamani, hii siyo shuruti ya Lidia! Paulo alikuwa na mamlaka ya kumwagiza Filemoni, akaandika, "kwa ajili ya upendo nakusihi," ili wema wake "usiwe kama kwa lazima, bali kwa hiari."

Na huku tunawaandama walio ndani, mama ntilie wa pale kituoni, hatua chache tu kutoka kanisani, hajawahi kuambiwa karibu. Jumapili hii mmoja wetu ampitie. Akisema hana nguo ya ibada, amwambie tutakaa wote benchi moja, na amsaidie kufunika masufuria.