Dada wa dirishani, kachorwa na nani?

Jana usiku usingizi ukanigomea, nikajikuta nimerudi tena kwenye ile picha ya Charlotte du Val d'Ognes, ya 1801, ipo makumbusho ya Metropolitan pale New York. Kwenye tovuti yao unaishusha bure tu, unaivuta mpaka unaona kila kitu. Binti kavaa gauni jeupe, ubao wa kuchorea uko mapajani, mwanga unaingia kutokea dirishani nyuma yake kwa hiyo uso umeingia kivuli kidogo, lakini macho kakukazia wewe, yaani unahisi kabisa kama vile wewe ndo anakuchora. Halafu kioo kimoja cha dirisha kimevunjika, na huko nje kwa mbali wamesimama wawili, mwanamke na mwanaume, wadogoo.

Sasa hii picha ilipofika pale 1917, wameachiwa kwa wosia wa tajiri mmoja, Isaac Dudley Fletcher, ilihesabiwa ni kazi ya Jacques-Louis David, fundi aliyetamba kuliko wote Ufaransa enzi zile. Watu wakaisifia weee. Mpaka 1951 mtaalamu Charles Sterling akasema jamani hapana, picha hii ilitundikwa kwenye Salon ya 1801, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, ipo hadi kwenye mchoro uliochapwa wa ukumbi wenyewe, na David mwaka ule aligoma kupeleka kazi. Yeye akamtaja mchoraji mwanamke, Constance Charpentier. Hapo sawa, kazi safi. Ila kinachoniuma mimi ni kwamba kwenye andiko hilohilo akasema picha ina udhaifu uliofichwa kwa ujanja, eti ndo roho ya kike inavyojionyesha. Udhaifu gani sasa? Rangi zilezile, kioo kilekile, mkono uleule ulioshika kalamu, miaka yote ile mbona hakuna aliyeuona?

1996 akaja mtaalamu mwingine, Margaret Oppenheimer, na jina lingine, Marie-Denise Villers, na ndo jina lililoandikwa pale mpaka leo. Huyu mama alizaliwa Paris 1774 kwenye ukoo wa Lemoine, dada zake Marie-Victoire na Marie-Élisabeth nao wachoraji, na kazi zake zinazojulikana ni chache mno. Kuna moja ipo makumbusho ya Louvre pale Paris, ya 1802, mwanamke kainama anafunga kamba za kiatu. Ziweke hizi mbili pamoja uziangalie taratibu, usikimbilie. Mi naamini ni mkono mmoja, ingawa wapo wanaoendelea kubishana na siwalaumu, picha yenyewe haina sahihi.

Kabla sijazima simu nikauvuta tena ule ubao wake nione anachora nini, nimevuta mpaka picha imekuwa vipande vipande. Karatasi kaielekeza upande wake.