Gari inagonga mbele? Sikiliza kwanza inagonga wakati gani

Kuna kitu kinaniuma sana nikikiona gereji. Mtu anakuja anasema gari yangu inagonga mbele, na kabla hata haijaendeshwa anaambiwa ni shokapu, zinanunuliwa mbili, zinafungwa, gari inatoka, na kwenye shimo la kwanza tu ko-ko-ko iko palepale. Wanahamia bushi (zile raba za kwenye viungo), halafu boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachoacha tairi ikate kona), mpaka mbele kote kunakuwa kupya na kelele bado inapiga, kumbe muda wote iliyokuwa inagonga ni linki ya stebilaiza, kachuma kembamba ambako kangebadilishwa ndani ya muda mfupi kabisa.

Sauti husafiri kwenye chuma cha bodi. Wewe umekaa ndani unasikia kama inatoka chini ya miguu yako upande wa kulia na kitu chenyewe kiko kushoto, kwahiyo sikio peke yake halitoshi. Kinachosaidia zaidi ni kujua inagonga ukiwa unafanya nini: unapita vishimo, unapanda tuta, unakanyaga breki, unakata kona, au unaingiza tu rivasi. Jibu la hapo linakupunguzia nusu ya vitu vya kufungua.

Ila kabla ya yote kagua nati za tairi. Nasema kweli, tairi iliyolegea inagonga, na hiyo sio kelele ya kuendesha nayo mpaka kesho. Angalia pia kama jeki na spana hazirukiruki kwenye buti, na ile plastiki ya chini ya injini haijaachia.

Sasa tuje kwenye stebilaiza maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Ni ile fimbo ndefu inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, kazi yake kuzuia gari isilale sana kwenye kona. Tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja fimbo haisokotwi, inazunguka tu kwenye raba zake, lakini tairi moja ikiingia shimo na mwenzake akabaki juu, hapo fimbo inasokotwa na linki zake zinavutwa na kusukumwa. Kwahiyo tafuta tuta lililokata barabara nzima, lipande taratibu ukiwa umenyoosha stering, halafu pita sehemu yenye vishimo vidogo vya upande mmoja ukiwa kwenye kilomita 15 au 20 hivi kwa saa, vioo umeshusha, redio umezima. Ikinyamaza kwenye tuta na ikapiga kwenye vishimo, anza na linki na raba za stebilaiza. Ikipiga kote kote basi fikiria shokapu, mauntini zake za juu (pale shokapu inaposhikwa na bodi), bushi za lowa amu (mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi) au boljointi.

Na linki usiikague gari ikiwa imepigwa jeki upande mmoja!! Tairi moja ikining'inia peke yake fimbo inakuwa imejisokota, inaikaza linki, uchezaji wote unajificha, fundi anaitikisa anakwambia hii nzima. Ikague tairi zote mbili za mbele zikiwa chini, au zote mbili zimeinuliwa sawa. Bado una shaka? Fungua linki zote mbili, zifunge na waya zisiguse kitu, zunguka taratibu sehemu isiyo na magari. Kelele ikipotea umeshampata. Gari italala zaidi kwenye kona kwahiyo usiende nayo mbali wala kasi.

Kuna ile ya ko! moja tu nzito ukikanyaga breki, halafu ko! nyingine ukirudi rivasi na kukanyaga tena. Hiyo mara nyingi ni bushi ya lowa amu, hasa ile ya nyuma, raba imechanika kwahiyo amu nzima inasogea mbele na nyuma. Mwombe mtu akae ndani, asogeze gari kidogo mbele na nyuma akigusa breki, wewe simama pembeni (sio mbele ya gari jamani) uangalie tairi kama inahama kwenye nafasi yake. Ila kama inagonga kwenye vishimo na ukigusa breki kidogo tu inanyamaza, hiyo haihusiani na bushi, ni breki padi au kalipa (kile kinachozibana padi) inacheza, breki ikishika inakazwa ndo maana inakaa kimya.

Ukishapiga jeki weka stendi, jeki peke yake isikubebee gari ukiwa umeingiza mikono au kichwa huko chini. Shika tairi mkono mmoja juu kabisa mwingine chini kabisa, sukuma na kuvuta. Ikicheza inaweza kuwa boljointi au bearingi ya tairi, na njia ya kuzitofautisha ni rahisi, mtu akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unatikisa. Uchezaji ukipotea ni bearingi, ukibaki angalia boljointi. Halafu shika kushoto na kulia, hapo ukisikia uchezaji mara nyingi ni tairodi endi au raki endi, vile viungo vya stering. Weka vidole kwenye kiungo chenyewe wakati mwenzako anatikisa, vidole vinakamata kitu ambacho macho hayaoni.

Boljointi ina mtego wake nao. Gari nyingi za leo zina mfumo wa MacPherson, ule wa injinia Earle MacPherson wa miaka ya 1940, shokapu na springi vimekaa pamoja na uzito wa gari unapitia juu kwenye mauntini, boljointi ya chini haibebi uzito huo. Ukiinua gari kwenye bodi tairi ikaning'inia, weka pau kati ya lowa amu na nako ya tairi (chuma kinachobeba tairi), inua taratibu, utaona kama inaruka. Lakini gari zenye amu mbili ambazo springi imekalia amu ya chini, ukiinua kwenye bodi springi inaikandamiza ile boljointi na inaonekana nzima wakati imekwisha. Hizo weka jeki chini ya amu yenyewe karibu na tairi, ndo mzigo utoke. Hii mimi siichukulii poa hata kidogo, boljointi ikichomoka tairi inalala na hakuna stering tena.

Mauntini ya shokapu utaijua hivi: gari imesimama, mtu anazungusha stering mwisho hadi mwisho, wewe umeweka kiganja juu ya mauntini ndani ya boneti. Ikiruka kwa kushtuka badala ya kuzunguka laini, au springi ikitoa mlio wa kujikunja na kuachia, bearingi ya juu imekwama. Angalia pia springi yenyewe, mzunguko wa chini kabisa ndo hukatika na kipande kinabaki kimekaa palepale kimejificha. Na kama kugonga kumeanza baada tu ya kufunga shokapu mpya, usilaumu shokapu, kagua kwanza nati ya katikati ya juu kama imekazwa sawasawa.

Ile ka-ka-ka inayofuata mzunguko wa tairi, ukikata kona yote na kuongeza mafuta, ni sivijointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi. Na ikigonga ukitoa gia mbele ukaingiza rivasi gari ikiwa imesimama, bila shimo wala tuta, nenda kwenye mauntini za injini kwanza.

Ukishapata kibovu kuna jambo mafundi wengi wanaliruka. Bolti za bushi za raba zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa na uzito wake kwenye tairi. Ukizikaza amu ikiwa inaning'inia, gari ikishuka raba inabaki imesokotwa muda wote, kila shimo linaisokota zaidi, na bushi mpya inachanika mapema sana halafu watu wanasema spea ilikuwa feki. Shokapu badilisha pande zote mbili, na ukigusa tairodi endi au lowa amu kapime alaimenti (mnyooko wa tairi), la sivyo tairi zitaliwa upande.

Mwisho kabisa chora mstari wa rangi unaovuka kila nati uliyoikaza mpaka kwenye chuma kilicho jirani yake. Rudi kwenye barabara ileile yenye vishimo, pita kwa kasi ileile, ukirudi chungulia na tochi kama mistari bado imenyooka.