Kuitambua Chapa ya Kwanza ya Penguin za Kijani

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya riwaya za upelelezi za Penguin, kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, zile za jalada laini lenye mikanda ya kijani, na kila ninaposhika nakala mpya huanza kusoma nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Nakala iliyo mbele yangu sasa, ambayo karatasi yake imegeuka rangi ya chai, inataja mwaka ilipoingia Penguin, na chini yake, kwa herufi ndogo, mstari mmoja unaoeleza kwamba ilichapwa tena; kwa hiyo si chapa ya kwanza, ingawa aliyeniuzia aliamini hivyo kwa moyo mweupe.

Vitabu 10 vya mwanzo vilitoka Julai 1935 kwa peni 6 kila kimoja, viwili kati yake vikiwa vya upelelezi: cha Agatha Christie na cha Dorothy L. Sayers. Jaladani vilibeba jina la The Bodley Head, kampuni ya uchapishaji ambayo Penguin ilianzia ndani yake, kwa kuwa Penguin ilikuwa bado haijajitegemea, na vilivikwa jalada la juu la karatasi, ambalo ndilo hupotea mapema na ndilo ninalolitafuta kwa hamu kubwa.

Riwaya ile ya Christie, hata hivyo, ilikwishatoka Marekani mwaka 1920, hivyo chapa ya kwanza ya Penguin isichanganywe na toleo la kwanza la riwaya yenyewe.

Kurasa za mwisho nazo husema kweli: zikitangaza vitabu vya miaka iliyofuata, nakala hiyo ilichapwa baadaye.