Nimemaliza riwaya ya Wild Seed, usingizi umegoma

Jana nimekifunga saa nane na ushee usiku, chai imepoa mezani sijaigusa. Octavia Butler alikitoa 1980, ila hadithi inaanzia 1690 huko Afrika Magharibi: Doro, anayehama mwili hadi mwili kama mtu anayebadilisha mashati, anamkuta Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo anayeweza kujigeuza chui.

Rafiki yangu aliyeniazima anasema ningeanza na Patternmaster ya 1976, maana ndiyo ya kwanza kutoka katika mfululizo huu wa Butler na humo nguvu za akili zimejaa tele. Jamani, nilishaisoma. Nzuri, lakini kavu kidogo.

Kwenye Wild Seed nimenaswa na jambo dogo tu: Anyanwu anaonja nyama ya pomboo kwanza, ndipo mwili wake ujue kuwa pomboo. Nilirudia ukurasa ule mara tatu.

Doro simpendi hata chembe. Anafuga watu kama mbuzi, anawaoza atakavyo ili wazaliwe watoto wenye vipaji. Mwenzangu anamtetea, eti ni upweke wa zaidi ya miaka elfu tatu. Upweke gani huo wa kuua watu? Tumenuniana tangu asubuhi.