Usiku Uliovua Viatu

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya uhariri nilikabidhiwa mswada wa riwaya ya watoto, kazi ya mwalimu mstaafu ambaye aliniita mwanangu hata katika barua za kikazi. Nilikuwa nimetoka kusoma fasihi hivi karibuni, majina ya tamathali za usemi yakiwa bado mabichi kichwani, nami niliamini kwamba mtoto wa miaka 9 anahitaji sentensi fupi inayosema jambo moja na kunyamaza. Sura ya kwanza pekee ilikuwa na tamathali 31: tashibihi za “kama” na “mithili ya”, sitiari, tashihisi, chuku na nahau. Nilishika kalamu nyekundu, nikazipunguza hadi 6.

Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa niliikata bila kusita. Mwandishi alikuwa amesema, “Usiku ulivua viatu mlangoni, ukaingia ndani bila kumwamsha mtu.” Juu yake niliandika, “Usiku uliingia.” Nilijiona nimemtendea msomaji hisani.

Msimamizi wangu, ambaye hakuwa mtu wa mabishano, aliagiza sura hiyo isomwe mbele ya wanafunzi wa darasa la nne mara mbili: kwanza kama nilivyoihariri, kisha kama ilivyokuwa. Mwandishi alikuja pia, akaketi dawati la nyuma, mkoba mapajani. Nilisoma toleo langu hadi mwisho. Watoto walikaa kimya kwa adabu, na mmoja alikuwa akipima dawati kwa rula. Kisha nikaanza toleo lake, na nilipofika kwenye ule usiku, mvulana mmoja akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hivyo viatu amevitoa wapi?”

Nilikuwa nafungua kinywa nieleze maana ya tashihisi, msichana wa kando ya dirisha akaniwahi. “Si kaviacha mlangoni? Ndiyo maana hawakumsikia.” Mwingine akaongeza kwamba asubuhi atavivaa aende zake, na mvulana akashusha mkono, ameridhika.

Jambo hilo nimelirudia mara nyingi akilini, hasa kwa sababu ya kiambishi kimoja. Mwandishi alizingatia upatanisho wa kisarufi: usiku ulivua, ukaingia. Watoto hawakujali. Kwao usiku ulikwisha kuwa mtu, kwa hiyo amevitoa, hawakumsikia, atavivaa. Hakuna aliyewaambia kwamba kitu kisicho na uhai kilikuwa kimepewa tabia ya binadamu. Walilitenda hilo ndani ya sarufi yao wenyewe, na sababu ya ulinganisho, yaani kwamba usiku huingia bila kishindo, waliigundua kwa kumfikiria mtu atembeaye peku. Mimi niliyekuwa na istilahi zote nilikuwa nimeiona sentensi hiyo kuwa pambo tu.

Aibu yangu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Miongoni mwa tamathali 6 nilizozibakiza kulikuwa na jirani “mwenye roho ya korosho”. Nahau hiyo niliiacha kwa sababu niliamini kila mtu anaijua. Niliwauliza watoto jirani huyo ni mtu wa namna gani, wakajibu karibu kwa pamoja kwamba ni mtu mzuri, kwa kuwa korosho ni tamu. Jibu lao lilikuwa na mantiki isiyo na dosari. Tashihisi ya usiku ilibeba ufunguo wake ndani ya sentensi ileile. Nahau haina ufunguo, maana yake hupatikana kwa kuisikia kwa watu wanaoitumia, nao walikuwa hawajaisikia.

Tulipotoka nje, mwandishi alinishika mkono. “Mwanangu,” alisema, bila hasira yoyote, “wewe umekata viatu, ukaacha korosho.”

Nilimwomba radhi, nikapendekeza nahau ile iondolewe na badala yake tuandike tu kwamba jirani alikuwa mchoyo. Alikataa. Aliniambia nikasome upya kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865 kuhusu safari ya Alice, na nilipokisoma nilielewa alikokuwa akielekea: Waingereza walikuwa na msemo wa kumfananisha mwendawazimu na mtengeneza kofia, na mwingine wa kumfananisha na sungura wa mwezi wa Machi, naye Carroll akaichukua misemo hiyo jinsi ilivyo, akawaketisha wote wawili mezani wanywe chai.

Mswada ulirudi baada ya wiki chache. Usiku ulikuwa umevua viatu kama mwanzo. Jirani alibaki na roho yake ya korosho, ila sasa kulikuwa na ukurasa mpya: shujaa wetu mdogo anawasikia watu wazima wakimsema jirani huyo, anaingia jikoni, anachukua bakuli, na kwenda kumbishia hodi amwombe kidogo.