Tulivyopata kundi la wachora ramani Kigogo

Ukiwaita vijana wa Kigogo, Dar es Salaam, waje kujifunza QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, siku ya kwanza ukumbi unajaa, wiki inayofuata viti vitupu. Waite mjue maji ya Mto Msimbazi yanaingia nyumba zipi, wanakuja hadi na mama zao. Sisi tulianza na swali hilo, programu ikafuata.

Msingi ulikuwepo. Tangu 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka kata za Dar es Salaam wakiingiza nyumba, njia na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaihariri na kuitumia bure. Nilichotaka ni watu wa mtaani waweze kuifungua na kuifanyia kazi wenyewe.

Nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akanikabidhi kwa wajumbe. Huko bondeni, mgeni mwenye simu akipiga picha nyumba, watu wanawaza bomoabomoa, na wana sababu. Mjumbe akitangulia kupiga hodi, mlango unafunguka.

Kila nyumba tuliuliza maji yalifika wapi. Bibi mmoja aliweka kiganja ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa: "Hapa, mwanangu. Godoro lilielea." Kijana akanyoosha futikamba kutoka sakafuni, akajaza kipimo kwenye simu, kwenye fomu ya KoboToolbox, zana ya kukusanya taarifa ambayo haihitaji bando hadi wakati wa kutuma. Jioni tukaviingiza vipimo kwenye QGIS na kupaka kila nyumba rangi kulingana na kina cha maji. Programu haina leseni ya kulipia, kwa hiyo tuliigawana kwa flashi tu.

Suala la posho liseme mapema. Sisi tulitoa chakula cha mchana na bando, basi. Baadhi waliondoka, na siwalaumu, maisha ni magumu.

Kundi lilishikana hasa tulipochapa ramani kubwa na kuibandika ofisi ya mtaa. Ubishi ukaanza: mtaro huu umezibwa, kalavati lile haliko pale! Wazee wakasahihisha kwa kalamu, vijana wakarekebisha kwenye kompyuta palepale. Mwenyekiti aliichukua ramani hiyo kwenda nayo kwenye kikao cha kata kuombea mtaro uzibuliwe.

Siku hizi mtaro ukichimbwa, wajumbe ndio wanaotupigia simu twende kupima. Na darasa la kata ya Mzimuni linafundishwa na vijana wa Kigogo, mimi nikikaa nyuma.