Tuliposoma Ayubu 8 kuanzia mstari wa kwanza

Kuna maandiko ambayo Wakristo wengi tunayajua kwa moyo bila kumjua aliyeyanena. Ayubu 8:7 ni mojawapo. Utalisikia kwenye ibada ya mwaka mpya, kwenye arusi, mtu anapoanza kazi: mwanzo wako ujapokuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Nililipenda tangu utotoni. Siku niliyolazimika kulisoma pamoja na mistari inayolitangulia, mbele ya mtu aliyekuwa na kidonda kibichi, ndiyo siku nilipoanza kuelewa mafundisho ya Kikristo yanasimama juu ya nini.

Nilikuwa kijana bado, na katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti. Kiongozi akitaja andiko, mimi nalifungua na kulisoma, yeye anaeleza. Jioni ile kiongozi, ambaye wote tulimwita Mtumishi, alituambia somo ni faraja. Alikuwa ameliandaa kwa ajili ya mama mmoja wa kikundi aliyemzika mtoto wake muda si mrefu, na ambaye alikuwa amerudi kati yetu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mtumishi alikuwa na nia njema kabisa. Alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili ya somo lile, nami sitaki mtu asome habari hii akamdharau.

Akanitajia Ayubu 8:7. Nikasoma, watu wakaitikia amina. Akaanza kueleza kwamba hii ni ahadi ya Mungu kwa mama yetu, kwamba yanayokuja ni makubwa kuliko yaliyopotea.

Katikati ya maelezo, mzee mmoja aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi akanyosha mkono. "Mtumishi, uniwie radhi. Naomba kijana atusomee sura hiyo tangu mstari wa kwanza."

Mtumishi akaniashiria nisome. Mstari wa kwanza unamtaja msemaji: Bildadi, Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu. Wa pili unamkaripia Ayubu kwa maneno yake. Wa tatu unauliza kama Mungu hupotosha hukumu. Macho yangu yakaufikia mstari wa nne kabla ya kinywa, nami nikanyamaza. Pale Bildadi anamwambia baba aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja kwamba watoto wale walimkosea Mungu, na kwamba wamelipwa kosa lao. Yule mama alikuwa ameketi karibu yangu kiasi kwamba tungeweza kushikana mikono.

"Soma, mwanangu," mzee akasema. "Usiruke."

Nikasoma. Hakuna aliyeitikia amina.

Mama yule ndiye aliyevunja ukimya. "Hayo nimeshaambiwa," alisema. "Niliambiwa siku ileile ya mazishi. Ila sikujua kama yamo kwenye Biblia."

Mtumishi alibadilika uso. Nadhani wote tuliona kwa pamoja ubaya wa jambo hilo: faraja tuliyompa na pigo alilopigwa makaburini vilitoka kwenye hotuba moja, ya mtu mmoja, vikiwa vimetengana kwa mistari mitatu tu. Tena kwa Bildadi si vitu viwili. Mstari wa saba unategemea wa nne, wa tano na wa sita: watoto wako walikosa ndiyo maana wakafa, wewe ukiwa safi, Mungu ataamka kwa ajili yako, na hapo ndipo mwisho wako utakapoongezeka. Ahadi ile tamu ni mkia wa mashtaka.

"Yamo, mama," mzee alimjibu. "Lakini Biblia haituandikii maneno ya Mungu peke yake. Imeandika na ya Shetani, na ya Farao, na ya rafiki wa Ayubu. Ukitaka kujua Mungu aliyapokeaje maneno ya Bildadi, twende sura ya 42." Akanitazama. "Mstari wa saba."

Mungu anasema na Elifazi, mwingine wa rafiki wale watatu, na hasira yake inawaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Mama akaniomba niurudie. Nikaurudia. Akauliza, "Rafiki zake wawili, maana yake Bildadi yumo?" Mzee akasema yumo, yeye na Sofari.

Ningeweza kuishia hapa na watu wakafurahi, lakini kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. Ndugu mmoja aliyependa sana kuchimba maandiko akasema, kwa heshima, kwamba jambo si jepesi hivyo. "Mzee, mtume Paulo anamnukuu Elifazi. Wakorintho wa kwanza, sura ya tatu, mstari wa 19, pale anaposema Mungu huwanasa wenye hekima katika hila yao. Maneno hayo ni Ayubu 5:13. Kama rafiki zake Ayubu walikosea, mbona mtume anasema imeandikwa?"

Mpaka leo naona lile lilikuwa swali bora la jioni ile. Mzee hakulikwepa. Alifurahi waziwazi, kama mwalimu anavyomfurahia mwanafunzi aliyesoma kuliko alivyoagizwa. "Fungueni sura hiyohiyo ya tatu," alisema, "ila tuanzie mstari wa 11."

Nikasoma: "Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo."

Akatueleza taratibu. Elifazi hakusema uongo kwamba Mungu huwanasa wajanja. Kosa lake ni kuligeuza neno hilo liwe rungu la kumpigia mtu asiye na hatia. Paulo analichukua neno lilelile akiwa amesimama penye msalaba. Katika sura mbili za mwanzo za waraka ule amekwisha kuwaambia Wakorintho kwamba hekima ya dunia ilishindwa kumtambua Bwana wa utukufu, ikamsulibisha. Hapo neno la Elifazi linapata mahali pake. "Msiniulize tu kama maneno ni ya kweli," mzee alisema. "Niulizeni yanasimama juu ya nani."

Kisha akamwambia Mtumishi, kwa upole wa baba kwa mwanawe: "Bildadi alimhukumu mama huyu. Sasa tumsikie Kristo."

Akanisomesha Luka 13. Wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, je, walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Bwana anajibu, "Nawaambia, Sivyo," na papo hapo anawageuzia waliosimama wakisikiliza kuwaita watubu. Wanaoitwa kujichunguza ni walio hai, wala si wao wanaoitwa kuwachunguza waliofiwa. Akanipeleka Yohana 9, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake. Ni swali la Bildadi kabisa, miaka mingi baadaye, vinywani mwa wanafunzi wa Yesu. Na Yesu anakataa matawi yote mawili ya swali.

Mama alilia pale, na watu waliokuwa karibu wakamshika. Hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Alipotulia alisema jambo moja tu, kwamba tangu mazishi alikuwa akiogopa kumwomba Mungu kwa sababu alidhani Mungu ndiye aliyekuwa akizungumza na watu wale.

Ninaporudia jambo hili moyoni, hapo ndipo ninapokasirika, na sioni aibu kukasirika. Mstari uliong'olewa mahali pake haubaki kosa la darasani. Unamfikia mtu kitandani, makaburini, kwenye chumba cha kusubiria majibu ya daktari. Wenye kuufikisha huwa na hakika kwamba wanamfikisha Mungu.

Baadaye sana nilikutana na Ireneo, aliyekuwa askofu wa Lyon katika karne ya 2, akipambana na walimu waliojaza mafundisho yao nukuu za maandiko. Alisema ni kama mtu kuichukua sura ya mfalme iliyotengenezwa kwa vito na fundi stadi, akavitawanya vito na kuvipanga upya kuwa sura ya mbweha, kisha akawaambia watu: huyu ndiye mfalme, vito si ni vilevile? Dawa aliyoitoa Ireneo ni kwamba anayeishika ile kanuni ya kweli aliyoipokea kwenye ubatizo atavitambua vito na kuvirudisha mahali pake. Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee wetu mara moja. Yeye hakuutupa mstari wa saba. Alitaka urudi ulipotoka.

Na kwa kweli ulirudi. Kabla hatujatawanyika, mzee alinirudisha Ayubu 42, mstari wa 12, unaosema Bwana aliubarikia mwisho wa Ayubu kuliko mwanzo wake. Yaani kile alichokitaja Bildadi kilitokea. Kilitokea kwa neema, baada ya Mungu kumkemea Bildadi, na baada ya Ayubu kuwaombea rafiki zake. Mzee hakumwambia yule mama kwamba naye atapata watoto wengine. Alimwambia hajui, na kwamba aliye msingi wake alilia mbele ya kaburi la Lazaro huku akijua atamfufua.

Mtumishi alisimama, akaliweka kando somo alilolileta, akapendekeza tukisome kitabu chote cha Ayubu tangu sura ya kwanza, hotuba kwa hotuba, tukitaja kila mara ni nani anayesema. Tulifanya hivyo. Kazi ilikuwa ndefu, na hotuba nyingine zilituchosha, hasa za Sofari. Tulipofika sura ya 19, Mtumishi alimwomba yule mama atusomee yeye. Alisoma kwa sauti ya wazi mpaka pale Ayubu anaposema anajua ya kuwa Mteteaji wake yu hai. Baadhi yetu tulianza kuitikia amina, tukidhani ameishia hapo. Yeye aliendelea kusoma hadi mstari wa 29, pale Ayubu anapowaambia rafiki zake wauogope upanga, wapate kujua kwamba hukumu ipo.